Uchoraji wa vekta: Stadi inayoweza kuanzia Ntobeye bila kusubiri intaneti

NEMBO ya duka iliyopigwa picha kwa simu, kisha ikapelekwa kuchapwa kwenye bango la mita mbili, aghalabu hutoka ikiwa na ukungu, kingo za herufi zikiwa zimemeguka kama ngazi. Mwenye duka humlaumu mwenye printa, mwenye printa humlaumu aliyeleta picha, na wakati huo fedha zimekwisha kulipwa.

Chanzo cha ugomvi huo kwa kawaida si printa wala wino. Ni aina ya picha iliyotumika. Picha ya simu imeundwa kwa nukta, na nukta hazikubali kukuzwa bila kuonekana. Nembo, lebo, muhuri na bango vinahitaji mchoro wa aina nyingine, unaojulikana kwa jina la mchoro wa vekta.

Kwa wakazi wa Ntobeye, kata iliyopo wilayani Ngara, mkoani Kagera, tofauti hiyo ina gharama yake. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, na safari ya barabara kutoka huko hadi Dar es Salaam inazidi kilomita 1,200. Mtu wa kijijini anayetaka lebo ya asali, fulana za timu au kibao cha zahanati mara nyingi hulazimika kutuma kazi mjini, kusubiri, na kupokea chochote kitakachorudi. Jina likikosewa herufi moja, safari huanza upya.

Hata hivyo, kozi nyingi za awali za kompyuta nchini huanza na kuishia kwenye uandishi wa barua, majedwali ya hesabu na matumizi ya intaneti. Uchoraji huachwa kwa imani kwamba ni kazi ya wenye vipaji au ya wenye mashine za bei kubwa. Imani zote mbili zina kasoro, na kijana anayezishika anaweza kuikosa kazi ambayo angeifanya akiwa kwao.

Nukta na maelekezo

Njia rahisi ya kuelewa suala hili ni kulinganisha mkeka na kipimo cha fundi. Picha ya nukta ni kama mkeka uliosukwa: ukiutazama kwa mbali unaona ua, lakini ukiusogelea unaona ukindu mmojammoja. Mchoro wa vekta ni kama maelekezo anayopewa fundi seremala: pima sentimita kadhaa, kata pembe, paka rangi. Maelekezo yaleyale hutengeneza kigoda au meza kubwa, ilimradi vipimo viongezwe kwa uwiano.

Hesabu yake haina ugumu. Nembo yenye upana wa nukta 200 ikitandazwa kwenye bango la mita mbili, yaani sentimita 200, kila nukta inakuwa na upana wa sentimita nzima. Mpita njia ataziona nukta kabla ya kulisoma jina. Ukurasa wa ukubwa wa A4 unaochapwa vizuri, kwa nukta 300 katika kila inchi, unahitaji nukta 2,480 kwa upana na 3,508 kwa urefu, ambazo kwa jumla ni karibu milioni 8.7.

Duara la vekta halihitaji wingi huo. Kompyuta hukumbuka mahali ilipo katikati ya duara, urefu wa nusu kipenyo, rangi ya ndani na unene wa mstari wa ukingo. Duara likikuzwa mara 100, kompyuta hupiga hesabu upya na kulichora upya. Kingo hubaki laini, na faili hubaki dogo kiasi cha kubebwa kwenye flashi au kutumwa kwa simu bila kumaliza salio.

Ifahamike kwamba vekta haichukui nafasi ya picha. Uso wa mtu, mandhari ya milima au mkutano wa hadhara huhifadhiwa vizuri zaidi kwa nukta. Vekta hufaa pale penye umbo lililo wazi na rangi zinazohesabika: nembo, herufi, ramani, alama za barabarani, michoro ya masomo na mapambo ya vitambaa.

Elimu iliyotoka viwanda vya magari

Wazo la kuchora kwa maelekezo si jipya. Mwaka 1963 Mmarekani Ivan Sutherland, akiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika taasisi ya MIT, aliwasilisha programu ya Sketchpad, iliyomwezesha mtu kuchora mistari na maumbo moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga.

Mikunjo laini ilitoka Ufaransa. Paul de Casteljau wa kampuni ya Citroën, kuanzia mwaka 1959, na Pierre Bézier wa kampuni ya Renault, kila mmoja kwa njia yake, walitafuta namna ya kueleza kwa hesabu umbo la bodi ya gari. Kazi ya de Casteljau ilifanywa siri na kampuni yake, lakini ya Bézier ilitangazwa. Ndiyo maana mkunjo unaotumiwa hadi leo katika programu za uchoraji huitwa mkunjo wa Bézier.

Baadaye zilifuata programu za biashara. Kampuni ya Adobe ya Marekani ilitoa Illustrator mwaka 1987, na Corel ya Kanada ikatoa CorelDRAW mwaka 1989. CorelDRAW ni jina linalofahamika sana katika maduka ya stesheneri na uchapaji nchini. Mwaka 2001 shirika la W3C, linalosimamia kanuni za mtandao, lilipitisha rasmi mfumo wa SVG, ambao ni lugha ya wazi ya kuandikia michoro ya vekta.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2003, ilizaliwa Inkscape, programu huria iliyotokana na nyingine iliyoitwa Sodipodi. Toleo lake la 1.0 lilitoka Mei 2020. Inkscape hutolewa bure, huruhusiwa kunakiliwa na kugawiwa, na hutumia SVG kama mfumo wake wa kawaida wa kuhifadhi kazi.

Kwa kozi ya kijijini, sifa hiyo ina uzito. Illustrator, tangu mwaka 2013 Adobe ilipohamia mfumo wa malipo ya kila mwezi au mwaka, humtaka mtumiaji aendelee kulipa ili aendelee kuitumia. Nakala ya wizi nayo ina madhara yake: huweza kuleta virusi kwenye kompyuta ya darasa, na humfundisha kijana kuanza kazi kwa kuvunja sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda pia programu za kompyuta.

Inkscape inaweza kubebwa kwenye flashi kutoka mjini, ikapandikizwa kwenye kompyuta moja hadi nyingine, na kufanya kazi bila intaneti. Ndani yake, chini ya orodha ya msaada, mna masomo ya kujifunzia ambayo nayo hufunguka bila mtandao. Kompyuta iliyochakaa ikishindwa kubeba toleo jipya, yapo matoleo ya zamani yanayotosha kabisa kwa mwanzo.

Kikwazo ni lugha

Tatizo linalomkabili mwanafunzi wa Ngara siku ya kwanza pengine si mchoro, bali maneno. Wapo wanaozungumza Kihangaza au Kishubi nyumbani, Kiswahili shuleni na sokoni, na kukutana na Kiingereza kama lugha ya masomo sekondari. Programu za uchoraji na sehemu kubwa ya mafunzo yake zimeandikwa kwa Kiingereza.

Jitihada za kuipa kompyuta sauti ya Kiswahili zimewahi kufanyika. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Jambo hilo lilionyesha kwamba programu huria, kwa kuwa haifungwi na mwenye kampuni, inaweza kufuata lugha ya wanaoitumia.

Mwalimu wa kozi ya mwanzo hana haja ya kusubiri tafsiri rasmi. Anaweza kubandika ukutani karatasi yenye picha ya kila chombo na kazi yake kwa Kiswahili: mshale wa kuchagulia, chombo cha mstatili, chombo cha duara, chombo cha nyota na poligoni, kalamu ya mikunjo, chombo cha vifundo, na chombo cha maandishi. Vyombo hivyo saba vinatosha kwa wiki za mwanzo. Mwanafunzi anayefunguliwa orodha zote siku ya kwanza huondoka akiwa ameogopa, si akiwa amejifunza.

Vitufe vichache vya kibodi navyo hurahisisha kazi. Katika Inkscape, Ctrl pamoja na D hutoa nakala ya umbo lililochaguliwa. Ctrl na G hufunga maumbo kadhaa yawe kundi moja. Ctrl na Z hufuta kosa la mwisho. Kitufe cha H hugeuza umbo kulia na kushoto kama kwenye kioo, na V huligeuza juu chini. Ctrl ikishikiliwa wakati wa kuchora, mstatili unaweza kuwa mraba kamili, na yai kuwa duara kamili.

Somo la kwanza liko ng'ambo ya mto

Kozi nyingi humwanzisha mwanafunzi kwa kuchora tufaha au nyumba ya vigae vya Ulaya. Kwa kijana wa Ngara, lipo zoezi bora zaidi na la karibu zaidi. Ng'ambo ya mto Kagera, upande wa Rwanda, katika eneo la kale la Gisaka, kuna sanaa ya imigongo. Jina lenyewe si geni kwa msikilizaji wa Kiswahili, kwani linahusiana na neno mgongo, na michoro yake imeinuka juu ya ubao mithili ya migongo ya matuta.

Imigongo hufinyangwa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, ikabandikwa juu ya ubao au ukuta, kisha ikapakwa rangi, zaidi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Simulizi za Gisaka humtaja Kakira, mwana wa mtawala Kimenyi, kuwa mwanzilishi wake. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, wanawake wa Nyarubuye walikuwa miongoni mwa walioihuisha sanaa hiyo kupitia kazi ya ushirika.

Kinachoifanya imigongo ifae kwa somo la vekta ni umbile lake. Ni mistari mikavu, pembe kali, almasi ndani ya almasi, na rudufu ya umbo moja mara nyingi. Hayo ndiyo mambo ambayo programu ya vekta huyafanya vizuri kuliko mengine yote.

Zoezi lenyewe huenda hivi. Mwanafunzi huchora mraba, huondoa mstari wake wa ukingo, na kuujaza rangi nyeusi. Huuzungusha nyuzi 45 ili usimame kwa ncha. Kisha, kwenye visanduku vya vipimo vilivyo juu ya kioo, huandika upana wa milimita 40 na urefu wa milimita 60. Mraba umekuwa almasi.

Hatua inayofuata ni nakala. Anatoa nakala ya almasi hiyo, anaipa upana wa milimita 30 na urefu wa 45, na kuijaza nyeupe. Nakala ya tatu inakuwa 20 kwa 30, nyekundu. Ya nne inakuwa 10 kwa 15, nyeusi. Kwa kutumia dirisha la kupanga maumbo, anaziweka zote katikati moja, kisha anazifunga kuwa kundi.

Kundi hilo likinakiliwa mara nne, kila nakala ikisogezwa milimita 40 kulia kwa nyingine, unapatikana utepe wa milimita 200 usio na pengo. Hakuna jicho lililokadiria wala mkono uliotetemeka. Mwanafunzi akiamua kwamba nyekundu iwe kahawia, hubadilisha rangi bila kuchora upya.

Somo hilo lina faida nyingine. Mama anayesuka vikapu au mikeka, ambaye pengine hajawahi kushika kipanya, anaijua tayari hesabu ya rudufu, ya kugeuza na ya kuacha nafasi sawa. Akiketi mbele ya kompyuta hamfuati kijana kwa mbali. Kwa upande wa pambo, huenda akawa mwalimu wake.

Kanga nayo ni kitabu kizuri cha zoezi la pili. Ina pindo kuzunguka kingo, mji katikati, na jina, yaani maandishi, chini ya mji. Katika kanga nyingi kona nne zinalingana, hivyo mwanafunzi huchora kona moja, akaigeuza kwa H na V, akapata nne. Robo ya kazi huzaa kazi nzima.

Vifundo vichache, mkunjo laini

Baada ya mistari iliyonyooka, huja sehemu inayowashinda wengi: kalamu ya mikunjo. Mkunjo wa Bézier una vifundo viwili, kimoja mwanzoni na kimoja mwishoni, na kila kifundo kina kishikio chake. Kishikio huvuta mstari upande wake. Kikivutwa mbali, mkunjo hupanuka. Kikirudishwa karibu, hukaza.

Jani la mgomba huonyesha jambo hilo vizuri kuliko maelezo marefu. Kifundo kimoja huwekwa kwenye shina la jani, kingine kwenye ncha. Vishikio huvutwa kulia kwa upande mmoja wa jani, na kushoto kwa upande wa pili. Vifundo viwili vimetosha. Mwanafunzi anayeanza, kwa hofu, huweka ishirini, na jani lake hutoka likiwa na vigongo kama barabara ya mvua.

Kanuni inayopaswa kukaririwa ni kwamba vifundo huwekwa pale tu mstari unapobadili mwelekeo. Duara zima, likigeuzwa kuwa njia katika Inkscape, huwa na vifundo vinne tu.

Ni kwa sababu hiyo chombo cha kugeuza picha kuwa vekta chenyewe hakipaswi kufundishwa mapema. Chombo hicho kipo na kina manufaa yake, lakini picha chafu ya simu huweza kutoa mamia ya vifundo visivyo na mpangilio. Mchoro huo ni mgumu kurekebishwa kuliko kuchorwa upya. Mwanafunzi aanze na penseli na karatasi, ajue anachotaka, ndipo afungue kompyuta. Pale ambapo umeme haukawii kukatika, karatasi pia ni akiba, na kuhifadhi faili kila baada ya dakika chache ni desturi ya lazima.

Kutoka zoezi hadi lebo

Kozi isiyomfikisha mwanafunzi kwenye kitu kinachoweza kuuzwa huishia kuwa burudani. Lebo ya chupa ya asali ni kazi ya kumalizia inayofaa, kwa sababu inakusanya karibu kila kilichofundishwa.

Mstatili wa milimita 90 kwa 60 huwa ndio eneo la lebo. Utepe wa almasi, uliopunguzwa, huwekwa juu na chini. Chombo cha poligoni, kikiwekwa pembe sita, hutoa kijumba kimoja cha sega. Nakala chache hutoa sega lenyewe. Nyuki hupatikana kwa mayai matatu: moja la mwili na mawili ya mbawa. Milia yake hukatwa kwa amri za kuunganisha na kutoa maumbo, ambazo hufanya kazi kama mkasi na gundi.

Kisha huja maandishi, na hapa ndipo lebo inapoacha kuwa pambo. Mnunuzi wa chakula kilichofungashwa anahitaji kuona jina la bidhaa, uzito halisi, jina na anwani ya mzalishaji, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Tangu Julai 2019 usimamizi wa usalama wa chakula nchini umekuwa chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na mjasiriamali anayetaka kuingia sokoni rasmi anapaswa kupata masharti kamili kutoka shirika hilo. Nembo ya ubora ya TBS haichorwi na mwanafunzi kwa hiari yake. Hutumiwa na aliyepewa leseni pekee.

Fursa nyingine ilitokana na marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, iliyoanza Juni 1, 2019. Mifuko mbadala iliyojaa sokoni hupokea vizuri uchapaji wa skrini, ambao kila rangi huhitaji skrini yake. Nembo ya rangi mbili huhitaji skrini mbili; ya rangi sita huhitaji sita. Mchoraji anayejua kubana rangi humwokolea mteja fedha, na vekta hurahisisha kuitenga rangi moja na nyingine.

Mitego ya chumba cha uchapaji

Kazi nzuri kwenye kioo inaweza kuharibika njiani kuelekea printa. Mtego wa kwanza ni herufi. Faili likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na aina ileile ya herufi, maandishi hubadilika sura na huweza kutoka nje ya mpaka. Dawa yake ni kugeuza maandishi kuwa njia kabla ya kupeleka kazi, huku nakala ya awali ikihifadhiwa, kwa kuwa maandishi yaliyogeuzwa hayawezi kusahihishwa tena kama maneno.

Mtego wa pili ni rangi. Kioo cha kompyuta hutoa rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu. Printa hutumia wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi. Kijani kinachong'aa kwenye kioo huweza kufifia kwenye karatasi. Nakala moja ya majaribio, ikaonwa na mteja mchana, ni nafuu kuliko nakala 500 zilizokataliwa.

Mtego wa tatu ni ukingo. Rangi inayotakiwa kufika mwisho wa karatasi inapaswa kuvuka mpaka kwa takriban milimita tatu, ili kisu kikipotoka kidogo usibaki mstari mweupe. Mwisho, faili la kuchapwa hupelekwa kama PDF. Nakala ya nukta, kama vile PNG, itolewe kwa ajili ya kutazamwa kwenye simu tu. Inkscape, isipoelekezwa vingine, hutoa nukta 96 kwa inchi, kiasi kinachotosha kioo lakini hakitoshi karatasi.

Muhuri usiopaswa kuchorwa

Ipo sehemu moja ya kozi hii isiyohusu vitufe, na haipaswi kuachwa. Kijana anayeweza kuchora duara kamili na kuzungushia maandishi ndani yake anaweza kuchora muhuri. Katika kijiji ambacho muhuri wa ofisi huthibitisha ukaazi, mauziano ya shamba na barua za utambulisho, uwezo huo ni amana.

Haitachukua muda kabla mtu hajaja na karatasi yenye alama ya muhuri, akiomba utengenezwe mwingine kama huo. Kughushi muhuri au hati ni kosa la jinai chini ya sheria za Tanzania, na anayechora hawezi kujitetea kwamba alikuwa fundi tu. Muhuri wa taasisi huchorwa kwa barua rasmi ya taasisi yenyewe. Bila barua, jibu ni hapana. Katika wilaya ya mpakani, ambako karatasi moja huweza kuamua nani ni mkazi na nani si mkazi, uzembe huo unaweza kumdhulumu jirani ardhi yake.

Vivyo hivyo kwa nembo za kampuni nyingine. Kuifuatisha nembo kwa kalamu ya mikunjo hakumfanyi mchoraji kuwa mmiliki wake. Kwa upande wa pili, sheria hiyohiyo ya hakimiliki humlinda kijana wa Ntobeye aliyebuni nembo yake mwenyewe. Mchoro wa awali wa penseli, tarehe na faili la asili ni ushahidi wake iwapo mtu ataichukua kazi hiyo bila malipo.

Kwa biashara ndogo, taratibu chache huzuia magomvi mengi. Mteja aandike kwa mkono wake jina linalopaswa kuonekana. Atoe sehemu ya malipo kabla ya kazi. Asaini nakala ya majaribio. Pia wakubaliane mapema iwapo bei inajumuisha faili la asili au uchapaji pekee, maana mwenye faili la vekta anaweza kuchapa ukubwa wowote, mahali popote, miaka mingi baadaye.

Taasisi za kumsaidia zipo. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, hushughulika na wajasiriamali wadogo, na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, husimamia mafunzo ya ufundi. Lakini hatua ya kwanza haihitaji ruhusa ya yeyote kati yao. Shule, parokia au kikundi cha vijana chenye kompyuta mbili tatu, flashi yenye programu huria na mtu mmoja aliyetangulia kujifunza kinaweza kuanza.

Haba na haba hujaza kibaba. Almasi moja ya milimita 40 haionekani kuwa kitu, lakini aliyeichora kwa vipimo anaweza kuichora lebo, na aliyeichora lebo anaweza kuchora kibao cha zahanati ambacho mgonjwa atakisoma akiwa mbali, jina likiwa sahihi na herufi zikiwa safi.